Kusi Si Rafiki wa Baiskeli

Wanachama wenzangu, wengi wetu hudhani kinachomchosha mwendesha baiskeli ni vilima tu. Likizo ya Agosti mimi na binamu yangu tulitoka Likoni kwenda Msambweni, yapata kilomita 50. Barabara haina vilima vya kutisha, lakini tulipopita Ukunda binamu alibanwa na misuli, akaketi chini ya mwembe, maji yameisha. Kwa nini?

Kati ya Mei na Septemba, Pwani huvuma kusi. Desemba hadi Machi ni kaskazi. Sisi tulikuwa tunaelekea kule kusi inakotoka. Ukienda kilomita 15 kwa saa na upepo wa mbele ni kilomita 15, hewa inakupiga kwa kilomita 30. Mwendo wa hewa ukiwa maradufu, nguvu ya kukuzuia huwa mara nne! Binamu alishindana nayo. Haraka haraka haina baraka.

Basi, majira ya kusi ondoka alfajiri, upepo haujapata nguvu. Inama, punguza mwendo, beba maji ya kutosha, na mpokezane kutangulia.

Msambweni hatukufika. Tulipogeuza, kusi ile ile ilitusukuma hadi Likoni.

Zoezi: Safari hiyo ikifanywa Januari, upepo utakuwa mbele au nyuma?