SOMO LA MWEZI HUU: Kujitayarisha kwa mtihani wa leseni ya kujifunza udereva, Ontario, Kanada



Kati ya familia zilizokwisha kukubaliwa kwenda Kanada, wengi wamekuja kwenye banda la habari kuuliza juu ya leseni ya udereva. Madereva wa zamani wanauliza: mimi nimeendesha lori miaka mingi kati ya Uvira na Baraka, kwa nini nifanye mtihani kama mtoto wa shule? Vijana waliozaliwa hapa kambini wanauliza: sisi hatujapata kushika usukani, tena gari tunazozijua ni za mashirika na malori ya chakula, tutaanzia wapi? Somo hili ni la wote wawili. Mtihani huu hauulizi kama unajua kuendesha. Unauliza kama unajua alama, na kama unajua nani ana haki ya kupita kwanza.

Kanada haina mtihani mmoja wa nchi nzima. Kila jimbo lina sheria zake na kitabu chake. Kwa mfano, Alberta mtu anaweza kupata leseni ya kujifunza akiwa na miaka 14, na mtihani ni maswali 30 ambayo lazima upate 25. Hapa tutafuata jimbo la Ontario. Atakayepelekwa jimbo jingine asome kitabu cha huko, ingawa sehemu kubwa ya alama na sheria zinafanana.

Ontario leseni ya kwanza inaitwa G1. Lazima uwe umetimiza miaka 16. Unapimwa macho, kisha unafanya mtihani wa maswali 40: maswali 20 ya alama za barabarani na 20 ya sheria. Kila sehemu lazima upate 16. Angalieni jambo hili vizuri. Aliyepata 20 za alama na 15 za sheria ameanguka, hata kama jumla yake ni 35. Kwa hiyo msisome sehemu moja tu inayowafurahisha.

Watu husema "mtihani wa kuandika", lakini hakuna insha. Kila swali lina majibu kadhaa na wewe unachagua moja. Unaweza kuufanya kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, na lugha nyingine kadhaa pia zinakubaliwa. Wale waliosoma Kongo au Burundi kwa Kifaransa wasijilazimishe kuufanya kwa Kiingereza kwa sababu tu wamejifunza Kiingereza kidogo hapa kambini. Lakini ukichagua Kifaransa, jifunze kwa Kifaransa tangu mwanzo. Mtu anayesoma kitabu kwa lugha moja na kufanya mtihani kwa nyingine hukwama kwenye maneno madogo kama "kabla", "isipokuwa" na "daima", na maneno madogo hayo ndiyo yanayobeba swali.

Kwa nini tuanze sasa, kabla ya safari? Kwa sababu ya hesabu ya miezi. Mwenye G1 haruhusiwi kuendesha peke yake. Lazima angoje miezi 12 kabla ya kufanya mtihani wa barabarani, au miezi 8 kama amesoma katika shule ya udereva iliyokubaliwa na serikali. Miezi hiyo inaanza kuhesabiwa siku unayopata G1, si siku uliyofika Kanada. Kazi nyingi ambazo wageni huzipata kwanza, za kiwandani au kwenye maghala, huanza alfajiri au huisha usiku, na mahali pengine basi halifiki saa hizo. Baba au mama aliyechelewa kufanya mtihani amejiongezea miezi ya kuomba kubebwa na watu.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe.

UPANDE WA BARABARA. Kongo, Burundi na Rwanda magari hupita kulia. Hapa Tanzania hupita kushoto. Kanada ni kulia, kama kwetu. Dereva wa zamani atafurahi, lakini kijana aliyekulia kambini amezoea kushoto hata kama ametembea kwa miguu tu, na atajibu vibaya bila kujua. Chukueni mfano wa kipilefti, ule mzunguko wa njia panda. Jina lenyewe linaamuru kushika kushoto! Kanada unaingia kwa kukata kulia, unawapisha walio tayari ndani ya mzunguko, nao watakuwa wanakuja kutoka mkono wako wa kushoto.

NANI ANAPITA KWANZA. Hapa ndipo wanapoanguka wengi, hasa wenye uzoefu. Katika sheria tuliyoirithi kutoka kwa Wabelgiji, dereva amefundishwa kwamba anayetoka kulia ana haki ya kupita. Ontario kanuni hiyo ipo, lakini inakuja baada ya nyingine. Kwenye njia panda isiyo na taa wala alama, anayefika kwanza anapita kwanza. Mkifika pamoja, ndipo aliye kushoto anampisha aliye kulia. Ni hivyo hivyo kwenye njia panda ambayo pande zote zina alama ya kusimama: aliyesimama kabisa kwanza ndiye anayeondoka kwanza, na mkisimama pamoja, wa kulia anatangulia. Mtihani unapenda kuuliza kwa njia hizi mbili, kwa hiyo kabla ya kujibu tafuta kwenye swali neno linaloeleza kama walifika pamoja au mmoja alitangulia.

Anayekata kushoto huvuka njia ya wanaokuja mbele yake, kwa hiyo lazima awapishe wanaokwenda moja kwa moja. Taa nyekundu maana yake ni kusimama kabisa. Baada ya kusimama unaweza kukata kulia kama njia ni nyeupe na hakuna alama inayokataza. Wengi hawaamini jambo hili wanapoambiwa, lakini ndivyo sheria ya Ontario ilivyo. Tena usisahau neno "kabisa". Kupunguza mwendo halafu kuteleza polepole hakuhesabiwi kuwa kusimama.

Mtu anayevuka kwa miguu kwenye kivuko chenye alama na taa za wavukao, au penye mlinzi wa watoto wa shule, tangu Januari 2016 sheria inataka umngoje mpaka amemaliza barabara nzima. Hutoshi kungoja apite mbele ya gari lako tu. Kwa sisi tuliozoea magari kupiga honi ili watu wakimbie, hili ni fundisho kubwa.

BASI LA WANAFUNZI. Swali hili halikosekani. Basi hilo ni la rangi ya manjano. Likisimama na taa zake nyekundu zikimetameta, magari ya pande zote mbili yanasimama, yanayolifuata na yanayokuja mbele yake. Ila kama barabara imegawanywa katikati kwa tuta au ukanda, wale wa upande wa pili hawalazimiki kusimama. Wanaolifuata wanasimama vile vile. Ukiwa nyuma yake, simama umbali usiopungua mita 20. Hauondoki mpaka basi limeondoka au taa zimezimwa. Adhabu ni kubwa: faini ya kuanzia dola 400 kwa kosa la kwanza, na pointi 6 za makosa kwenye leseni yako. Sababu yake inaeleweka kwa mzazi yeyote. Mtoto akishuka huvuka mbele ya basi bila kutazama.

ALAMA. Msianze na maneno yaliyoandikwa. Anzeni na umbo na rangi, kwa sababu umbo linaonekana kabla ya maneno, hata theluji ikiwa imefunika nusu ya bango. Pembe nane nyekundu ni simama. Pembetatu iliyogeuzwa, ncha chini, ni pisha. Pembe tano ni karibu na shule. Msalaba mweupe kama herufi X ni reli. Hapa watu wa Kongo na Burundi wawe macho: kwetu alama ya hatari ni pembetatu yenye ukingo mwekundu, lakini Ontario hatari huonyeshwa kwa mraba wa manjano uliosimamishwa juu ya pembe yake. Ukiwa wa rangi ya machungwa, kuna watu wanatengeneza barabara. Duara jekundu lenye mstari wa mshazari linakataza, na duara la kijani linaruhusu. Kasi huhesabiwa kwa kilomita, kama kwetu. Mjini, pasipo na bango, kikomo ni 50 kwa saa.

MASHARTI YA G1. Yanaulizwa kwenye mtihani, na baadaye polisi watayauliza barabarani. Mwanafunzi asiwe na pombe mwilini hata kidogo. Akae na dereva mwenye leseni kamili na uzoefu wa miaka 4 au zaidi, kwenye kiti cha mbele. Haendeshi kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri. Haingii kwenye barabara kuu za mwendo wa kasi. Abiria hawazidi idadi ya mikanda iliyomo garini. Familia ya watu wanane haiingii kwenye gari la mikanda mitano, hata kama wawili ni watoto wa kupakatwa. Watoto wadogo wana viti vyao maalum, na dereva ndiye anayejibu kwa kila abiria aliye chini ya miaka 16.

Wenye leseni halali za Kongo au Burundi wasizitupe, wasizitie kwenye mizigo mikubwa, bali wazichukue mkononi. Mkazi mpya wa Ontario anaweza kutumia leseni yake ya zamani kwa siku 60, na uzoefu uliothibitishwa unaweza kupunguza muda wa kungoja. Hata hivyo mtihani wa maswali utaufanya. Jihadharini na watu wanaouza "leseni ya kimataifa" kwa siri. Karatasi ya kughushi haitakusaidia Kanada, na inaweza kukuharibia kesi yako kabla hujapanda ndege. Hakikisheni pia kwamba majina na tarehe ya kuzaliwa vimeandikwa sawa kwenye karatasi zote za safari, kwa sababu leseni itafuata karatasi hizo.

MASWALI YA MAZOEZI. Funikeni majibu yaliyo chini.

1. Umefika njia panda isiyo na alama. Gari la kushoto kwako limefika kabla yako. Nani anapita?
2. Basi la wanafunzi limesimama upande wa pili, taa nyekundu zinametameta, na barabara haina tuta katikati. Unafanya nini?
3. Una G1. Rafiki yako amepata leseni kamili miaka miwili iliyopita na amekubali kukaa nawe. Unaweza kuondoka?
4. Taa ni nyekundu, unataka kukata kulia, hakuna bango la kukataza, lakini mama mwenye mtoto ameanza kuvuka. Je?

Majibu: 1. Gari la kushoto, kwa sababu limetangulia. 2. Unasimama mpaka basi liondoke au taa zizimwe. 3. Hapana, miaka yake haijafika minne. 4. Unasimama, unamngoja avuke, ndipo unakata.