Injili Moja, Injili Nne: Tuyaelewe Majina ya Vitabu



Ndugu zangu katika imani, kwetu Lobule, wilayani Koboko, Mwislamu na Mkristo ni majirani, na wapo walio ndugu wa damu. Swali hili halikawii kuulizwa: "Nyinyi mnaamini Injili, mbona hamsomi yetu?" Jibu linaanzia kwenye jina lenyewe.

1. Injili. Katika Qur'an (al-Maida 5:46), Injili ni kitabu alichopewa Nabii Isa (a.s.), nayo ni moja. Katika Biblia zimo nne: ya Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Nakala za kale za Kigiriki huzipa kichwa chenye neno "kata", yaani "kwa mujibu wa". Kichwa kinamtaja msimulizi. Mkristo mwenyewe hasemi kwamba Isa aliteremshiwa kitabu; kwake injili ni habari njema inayomhusu Isa.

2. Zaburi. Qur'an (an-Nisaa 4:163) inataja kuwa Daud (a.s.) alipewa Zaburi. Zaburi za Biblia ni 150. Nyingi zimewekewa jina la Daudi, lakini ya 50 ina jina la Asafu, na ya 90 jina la Musa.

3. Taurati. Katika Biblia ni vitabu vitano, kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati. Kitabu cha pili, Kutoka, kimefuata jina la Kigiriki. Mayahudi hukiita Shemot, "majina", kwa neno lililomo katika maneno yake ya kwanza.

Mbona basi tunatumia maneno yaleyale? Kwa sababu wamishonari wa karne ya 19, kama Edward Steere wa Zanzibar, walipotafsiri Biblia kwa Kiswahili waliyakuta maneno haya, yaliyotoka Kiarabu, tayari midomoni mwa Waislamu wa pwani.

Tunachojifunza ni kwamba jina moja si ushahidi wa kitu kimoja. Ukiulizwa swali lile, jibu kwa upole: "Injili ninayoiamini ni ile aliyoteremshiwa Isa, hizi nne ni masimulizi juu yake." Kisha msikilize naye anavyokieleza kitabu chake. Tusiyageuze majina haya kuwa silaha ya kumfedhehesha jirani, kwani al-Ankabut 29:46 inatuamrisha tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora.

Wabillahi tawfiq.