Kinyonga Si wa Katoni

Wahenga walinena majuto ni mjukuu. Somo ninalokuletea hapa nililipata kwa majuto hayo hayo.

Likizo moja nikiwa kwa nyanya, Nyeri, nilimpata kinyonga wa kijani kwenye ua wa miti. Alikuwa dume, maana alikuwa na pembe tatu usoni kama kifaru mdogo. Wengi humwogopa ati ana sumu, lakini hana. Nikamtia katika katoni ya sabuni, nikamwita Sajini, nikamficha chini ya kitanda. Nyanya alipomwona alipiga kelele: "Wee kijana, hiyo kitu toa kwa nyumba yangu leo leo!"

"Lakini nyanya, haiumi," nikamjibu. Laiti ningalimsikiliza!

Shule zilipofunguliwa nilimwuliza mwalimu wa Biolojia nilikosea wapi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Chakula: Nilimpa sukuma wiki. Kumbe yeye hula panzi, nyenje, nzi na vipepeo, tena walio hai. Huwanasa kwa ulimi unaopita urefu wa mwili wake. Mdudu asiyetikisika hamshughulishi.

Maji: Nilimwekea maji katika kifuniko cha chupa, wala hakuyagusa. Kinyonga hunywa matone ya umande na mvua yaliyo juu ya majani.

Jua: Hili ndilo kubwa. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia kalisiamu iliyo katika chakula. Mifupa hulainika na miguu hupinda, kama ya mtoto mwenye matege. Hata hivyo, joto likizidi humwua. Huyu ni wa nyanda za juu, kama Mlima Kenya na Aberdare, ambako usiku ni baridi.

Ukuaji: Vinyonga wengi hutaga mayai, lakini jike wa aina hii huzaa watoto hai, 8 hadi 30, kila mmoja sentimita 5 hivi. Mzazi hawalishi, hujitafutia wenyewe. Mkubwa hufika sentimita 30 hivi pamoja na mkia. Akikua hujivua ngozi vipande vipande, na huo si ugonjwa. Ugonjwa utauona machoni: yametumbukia ndani, tena anayafumba mchana.

Siku ya sita macho ya Sajini yalikuwa hivyo. Nilimrudisha uani mbio, nikanyunyizia majani maji. Akalamba tone moja, kisha jingine. Kesho yake alikuwa papo hapo. Siku ya tatu sikumwona tena, na sijui kama alipona.

Mwaka 1972 vinyonga wa aina hii kutoka Kenya walipelekwa Hawaii, Marekani, kuuzwa. Walifika wamekonda na wana kiu kali. Mwenye duka akawaachilia bustanini wapate nafuu. Walipata, wakazaana, na mpaka leo wako huko. Majani, mvua na jua viliwatosha.

Nasi tunavyo vyote hivyo bure hapa nyumbani. Isitoshe, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali. Kwa hivyo, mwanachama mwenzangu, ukimwona kinyonga uani, usimpige mawe wala usimtie katoni. Mtazame, jifunze, kisha umwache aende zake polepole.