Mkate wa Kumimina Kwenye Baridi ya Oktoba

Wadogo zangu, wiki hii nimepata barua ya mmoja wenu aliyehamia Leeds mwaka huu. Haya ndiyo majira yake ya kwanza ya majani kupukutika. Anasema mkate wa kumimina, ambao kwao Tanga alikuwa anaupika amefumba macho, umekataa kuumuka mara tatu mfululizo. Umekaa chini kama chapati, na katikati mbichi. Anauliza: "Dada, mkono wangu umeharibika?"

Hapana, mdogo wangu. Mkono wako mzima. Kilichobadilika ni hewa ya jikoni. Mama alipokwambia uuache saa moja, ilikuwa saa moja ya Tanga, bakuli liko karibu na jiko, joto linakaribia nyuzi 30. Jikoni kwako Oktoba hii huenda hazifiki hata 18, na tui umelitoa kwenye friji likiwa baridi. Hamira ni kitu hai, na kwenye baridi husinzia. Mimi mwaka wangu wa kwanza ughaibuni niliongeza hamira nikidhani ya kwangu dhaifu. Mkate ukanuka uchachu hadi watoto wakausukuma. Usiongeze hamira. Ongeza joto na muda.

Loweka vikombe viwili vya mchele tangu usiku. Asubuhi uchuje, usage kwenye blenda na kikombe kimoja cha tui zito, iliki, na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Tui lipashe kwanza liwe vuguvugu, la kutumbukiza kidole bila kushtuka. Likiwa moto utaiua hamira. Saga hadi ukisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga hata moja. Hapo wengi wana haraka, na chenga ndizo zinazoufanya mkate uwe mzito.

Sasa joto. Weka bakuli la rojo ndani ya oveni ambayo hujaiwasha, na pembeni yake sufuria ya maji yaliyochemka, kisha ufunge mlango. Usitazame saa, tazama rojo. Litapanda, juu litajaa mapovu madogomadogo, na ukiinamisha bakuli kidogo utaliona linatetemeka. Inaweza kuwa saa mbili, inaweza kuwa tatu. Sukari mimi huitia wakati huo, robo tatu ya kikombe, kwa sababu hulifanya rojo kuwa jepesi. Koroga taratibu, uache dakika kumi lijikusanye.

Nyumbani tulikuwa tunapalia makaa juu ya mfuniko ili mkate upate moto juu na chini. Huku fanya hivi: pasha sufuria nzito yenye mafuta kidogo, mimina rojo usikie linachacharika, acha moto mdogo hadi kingo zishike. Kisha ingiza kwenye oveni, nyuzi 180, mpaka juu papate rangi ya dhahabu. Ukiukata uone vitundu, umefika.

Na siku usiyo na subira ya hamira, oka keki ya boga. Maboga yamejaa madukani sasa, ila yale makubwa ya Halloween waachie wanaoyachonga. Mengi ni majimaji, hayana utamu. Chukua lile la shingo ndefu, butternut. Likate mara mbili, lioke hadi lilainike, uliponde, uliache kwenye chujio mpaka maji yatoke. Kikombe kimoja cha boga hilo changanya na vikombe viwili vya unga wa ngano, mayai mawili, nusu kikombe cha mafuta, robo tatu ya kikombe cha sukari, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo, tui vijiko vinne vya mezani, na iliki usiionee uchungu. Nyuzi 180, kama dakika 50. Chomeka kijiti, kitoke kikavu. Boga, tui, iliki: ni futari ile ile ya kwetu, imevaa nguo ya keki. Mimi naipenda kuliko keki zote za hapa zinazotiwa mdalasini peke yake.

Jambo la mwisho, mdogo wangu. Barua yako ilikuwa ya mkate, lakini umetaja mara mbili kwamba unakula peke yako. Mkate wa kumimina haukatwi kwa ajili ya mtu mmoja. Mpelekee jirani vipande vinne kwenye sahani, mwambie ni wa kwenu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na jua litazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Jioni hiyo ndefu usiikae peke yako: loweka mchele Jumamosi usiku.