Mwalo wa kujitengenezea

SWALI: Nasagisha mawe kwenye kalasha hapa Geita, ila mwalo wa kuoshea dhahabu nakodi. Naweza kuutengeneza mwenyewe nyumbani?

JIBU: Unaweza, ndugu, wala si ghali. Chukua ubao wa mita 2, upana sentimita 40 hivi, upigilie kingo pande mbili, kisha utandike zulia la manyoya mafupi. Kazi yote iko kwenye mwinamo. Inua kichwa cha ubao kama sentimita 30, mwaga tope jepesi, utazame: mchanga ukilala juu ya zulia, inua kidogo, maji yakikimbia na kuruka, shusha. Dhahabu ina uzito mara 7 hivi ya mawe meupe inamokaa, lakini ile ya unga husombwa na maji yenye pupa. Zulia likijaa mchanga mweusi halikamati tena. Lisuuzie kwenye ndoo mara kwa mara, usingoje jioni (wengi hungoja, na dhahabu yao huishia kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa). Malizia kwa karai.

Zebaki ya kukamatia dhahabu achana nayo. Ukiichoma jikoni, mvuke wake wanauvuta watoto. Mwalo uweke kwenye eneo lenye leseni, mbali na kisima.