Tiketi ya Matanga: Kufika Marani kwa Mazishi Bila Kuzama Kwenye Madeni

Simu ya tanzia haichagui saa. Inapokuwa saa nne asubuhi Marani, kaunti ya Kisii, majirani wakianza kuingia bomani na viti vikipangwa uani, jijini Minneapolis ni saa nane usiku majira ya kiangazi. Binti aliye zamu katika nyumba ya kutunzia wazee anapokea habari kwamba mama yake amefariki. Kabla machozi hayajakauka, anafungua simu kutafuta ndege. Bei anayoiona inaongeza msiba juu ya msiba.

Hali hii familia nyingi za Kisii na Nyamira zinaijua, maana wana wa Abagusii wameenea Marekani, hasa Minnesota, na wengine wako Uingereza na nchi za Ghuba. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwao, na mtoto asiyefika kumzika mzazi hubaki na donda kwa miaka mingi. Hata hivyo, fedha nyingi hupotea katika saa chache za kwanza, familia ikiwa bado imeduwaa. Makala haya yanaeleza namna ya kuziokoa.

Tiketi kwanza, tarehe baadaye

Jambo lenye uzito kuliko yote ni hili: msitangaze tarehe ya mazishi kabla ya kujua bei ya tiketi.

Shirika la ndege haliuzi viti vyote vya daraja la kawaida kwa bei moja. Viti hugawanywa katika ngazi za bei, na zile za chini huisha mapema. Anayenunua siku mbili kabla ya safari hukuta ngazi za juu tu, hata kama ndege ina nafasi tele. Mwezi wa Desemba, na kati ya Juni na Agosti shule za ughaibuni zikiwa zimefungwa, hali huwa ngumu zaidi.

Kawaida yetu, wazee hukaa, wakachagua Ijumaa ya wiki ijayo, chifu akaarifiwa, matangazo yakatoka redioni. Aliye mbali hujulishwa mwisho, naye hulazimika kuikimbiza tarehe hiyo kwa gharama yoyote. Geuzeni utaratibu. Teueni mtu mmoja Marani na mmoja ughaibuni, wawe ndio wanaozungumza juu ya safari. Wa Marani atoe tarehe tatu zinazowezekana. Wa ughaibuni atafute bei za kila tarehe, hasa za kuondoka Jumanne au Jumatano, siku ambazo mara nyingi huwa nafuu. Kisha linganisheni: kuchelewesha mazishi kunaongeza siku za malipo ya mochari na chakula cha waombolezaji. Ikiwa siku nne za kungoja zitagharimu kidogo kuliko tofauti ya nauli, ngojeni. Ikiwa zitagharimu zaidi, zikeni mapema. Uamuzi huo ufanywe kwa hesabu.

Omba nauli ya msiba

Baadhi ya mashirika ya ndege yana nauli maalumu ya wafiwa. Delta ya Marekani inayo, kwa wanachama wa mpango wake wa SkyMiles, na kujiunga ni bure. Air Canada inayo pia, na vilevile Lufthansa kwa wanaoanzia safari Marekani au Kanada. American na United ziliiondoa yao mwaka 2014. Kwa kawaida nauli hii haipatikani kwa kubonyeza tovuti. Unapiga simu na kuiomba.

Utaulizwa jina la marehemu, uhusiano wenu, na jina na simu ya hospitali au mochari. Ziandike kabla ya kupiga. Cheti cha kifo huchukua muda kutoka, lakini kibali cha mazishi hupatikana mapema: aliyefia hospitalini, taarifa ya kifo huandikwa na hospitali, aliyefia nyumbani, kifo huripotiwa kwa naibu wa chifu. Aliye Marani akipige picha kibali hicho na kukituma siku hiyo hiyo.

Hapa desturi zetu zinahitaji maelezo. Kwetu ndugu ya baba ni baba, lakini shirika la ndege lina orodha yake ya jamaa wa karibu, na kila shirika lina orodha tofauti. Sema ukweli jinsi ulivyo, kisha uliza kama ami, shangazi au mkwe yumo. Jingine ni majina. Watoto wa mzazi mmoja kwetu huweza kuwa na majina tofauti kabisa, na karani wa mbali hataona undugu kwenye pasipoti. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzazi humaliza ubishi.

Usidhani kwamba nauli ya msiba ndiyo ya chini siku zote. Mara nyingi faida yake kubwa ni uhuru wa kubadilisha tarehe. Ilinganishe na bei ya kawaida, halafu uchague.

Tena, iombe kabla ya kusafiri. Mwaka 2022 abiria mmoja wa Kanada aliyefiwa na nyanya yake aliambiwa na mtambo wa majibu kwenye tovuti ya Air Canada kwamba angeweza kudai punguzo baada ya safari. Alipodai, alikataliwa, kwa kuwa kanuni za shirika hazikuruhusu hivyo. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia liliamuru alipwe, lakini hiyo ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya mazishi.

Tafuta kwa upana

Usiangalie njia moja tu. Kuelekea Nairobi, KLM hupitia Amsterdam, Qatar Airways Doha, Emirates Dubai, Ethiopian Airlines Addis Ababa na Turkish Airlines Istanbul. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways huruka moja kwa moja kutoka New York. Pima pia kuanzia mji mwingine: aliye Minneapolis alinganishe na Chicago. Lakini ukinunua tiketi mbili zisizounganishwa, na ile ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukungoja. Acha saa nyingi katikati, au nunua safari nzima kwa tiketi moja.

Angalia bei ya kwenda na kurudi hata kama hujui siku ya kurudi. Kuvuka bahari kwa tiketi ya kwenda tu mara nyingi hugharimu zaidi ya nusu ya ile ya kwenda na kurudi. Chagua inayoruhusu kubadilisha tarehe, maana mazishi huahirishwa.

Kumbuka pia pointi za safari. Wengi wanazo kwenye kadi za benki na hawazitumii. Jamaa au rafiki anaweza kukukatia tiketi kwa pointi zake, na huo ni mchango sawa na fedha taslimu. Uliza swali hilo mapema kwenye kikundi cha WhatsApp cha matanga.

Wakala, na matapeli

Mawakala wa usafiri, wakiwemo Wakenya walioko Marekani, huweza kupata bei za jumla ambazo hazionekani kwenye tovuti. Mpigie angalau mmoja. Ila usitume fedha kwa haraka ya majonzi. Kuwekewa nafasi bado si kupata tiketi. Tiketi halisi ina namba ya tarakimu 13, na tarakimu tatu za mwanzo hutambulisha shirika: za Kenya Airways huanza na 706, za Delta 006, za KLM 074. Idai namba hiyo, kisha ithibitishe kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Ukiweza, lipa kwa kadi ya mkopo, kwa kuwa benki inaweza kukurudishia fedha ukitapeliwa. Pesa zilizotumwa moja kwa moja kwenye simu au akaunti ya mtu ni vigumu kuzifuata.

Kuna imani nyingine inayowaumiza watu: kwamba kila tiketi inunuliwayo Marekani yaweza kufutwa bila malipo ndani ya saa 24. Kanuni hiyo inayabana mashirika ya ndege kwa tiketi zilizonunuliwa siku saba au zaidi kabla ya safari. Ya kuondoka kesho kutwa haimo. Soma masharti kabla ya kulipa.

Hati zisikukwamishe uwanjani

Ikiwa pasipoti yako ya Kenya imekwisha muda, wasiliana na ubalozi uombe hati ya dharura ya kukufikisha nyumbani. Kumbuka kwamba ili kurudi utahitaji pasipoti mpya, basi hesabu pia siku za kuipata.

Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki raia hata akichukua uraia wa nchi nyingine. Mwenye pasipoti halali ya Kenya aibebe. Mtoto mwenye pasipoti ya Marekani pekee anahitaji eTA, kibali cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024. Kiombe kwenye tovuti ya serikali, etakenya.go.ke, kwani zipo tovuti za kuigiza zinazotoza zaidi.

Mwenye pasipoti ya Kenya anayepitia London achunguze viza ya kupitia uwanjani. Mwenye grini kadi halali kwa kawaida husamehewa.

Aliye Marekani akisubiri grini kadi asipande ndege kwa uchungu. Wengi wakiondoka bila kibali kiitwacho Advance Parole, ombi lao huhesabiwa limeachwa. Idara ya uhamiaji, USCIS, hupokea maombi ya dharura, na kifo cha jamaa ni sababu inayotambuliwa. Piga simu kwao na wakili kabla ya kununua tiketi.

Kwa mabinti wanaofanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, kibali cha kutoka na kurudi hutolewa kupitia mwajiri. Mwombe kwanza, tiketi ifuate.

Kutoka Nairobi hadi Marani

Safari haiishi Nairobi. Unaweza kuruka hadi Kisumu kwa muda usiofika saa moja, kisha ukateremka kwa gari kupitia Ahero, Sondu na Oyugis hadi Kisii na kuingia Marani. Au uchukue barabara ya Narok, Bomet na Sotik, safari ya takriban saa sita. Ikiwa tiketi yako ya kimataifa inaweza kuongezewa Kisumu, uliza bei: mara nyingine nyongeza ni ndogo, mizigo hupelekwa kwa pamoja, na ukichelewa shirika litakutafutia ndege nyingine.

Usikubali kusafirishwa usiku kucha na dereva ambaye amekesha matangani. Ukitua jioni, lala Nairobi au Kisumu. Familia moja isizike watu wawili.

Neno kwa walio nyumbani

Si kila mtoto atafika. Wengine hati haziruhusu, wengine mwajiri hakubali, wengine hawana fedha hata baada ya hesabu zote hizi. Mkopo wa riba kubwa unaolipwa miaka miwili haumpi marehemu heshima kuliko sanda safi na ada ya shule ya wajukuu aliowaacha. Asiyeweza kuja awekewe simu aone ibada, apewe nafasi ya kusema maneno yake kupitia kipaza sauti, na asisimangwe. Kaburi litamngoja, atakuja kuweka shada siku nauli ikiwa nafuu.

Na ninyi mlio Marani, ndugu zangu, mnapokaa chini ya mti kupanga siku ya mazishi, ulizeni kwanza: aliye mbali atafikaje, na kwa bei gani? Swali hilo moja, likiulizwa kabla ya tangazo kwenda redioni, litaokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la shirika la ndege.