Zima Mashine Kwanza, Ndipo Uiguse

Ndugu msomaji, pita sokoni Mabamba jioni, watu wakiisha kuondoka. Utaona nini chini? Utaona maganda ya ndizi, majani ya kabichi, nyanya zilizooza na maganda ya mihogo. Wengi huviita vitu hivi takataka. Lakini mkulima mwenye maarifa huviita chakula cha shamba. Vikioza vizuri huwa mboji, na mboji hurudisha rutuba katika ardhi iliyochoka.

Kazi hii yaweza kufanywa kwa panga na jembe tu. Lakini taka zikiwa nyingi, mashine husaidia. Huko Dar es Salaam, Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kinachotumia taka za masokoni. Kijijini, kikundi cha wakulima chaweza kutumia mashine ndogo ya injini, ile ya kukatakata majani ya ng'ombe. Visu vyake hukata mabua na migomba kuwa vipande vidogo. Vipande vidogo huoza upesi.

Mashine ni msaidizi mzuri, lakini haina macho. Haijui lipi ni bua na kipi ni kidole. Leo tujifunze hatari tatu za kazi hii na namna ya kuzizuia.

HATARI YA KWANZA: VISU

Watu huumizwaje? Mashine imekwama. Mtu ana haraka. Anatia mkono kuvuta bua, na injini bado inanguruma. Ghafla bua linavutwa ndani, na mkono nao unavutwa. Hapati hata nafasi ya kupiga kelele. Mkulima aliyepoteza vidole atashikaje jembe?

Mashine ikikwama, fanya hivi:

1. Zima injini.
2. Subiri visu visimame kabisa. Injini ikinyamaza, visu huendelea kuzunguka kwa muda.
3. Zuia mtu mwingine asiiwashe. Kama ina ufunguo, utie mfukoni mwako. Kama ni ya umeme, chomoa waya.
4. Ondoa kilichokwama kwa kijiti. Usitumie mkono.

Kabla ya kuiwasha, tazama kama mkanda una kifuniko chake. Chagua taka vizuri. Ondoa mawe, misumari, chupa na betri. Jiwe likipigwa na visu laweza kuruka na kupasua jicho. Kanga, kitenge au mikono mirefu ya shati yaweza kunaswa na mkanda. Vaa nguo zinazobana mwili, na funga nywele. Glavu nazo zaweza kunaswa, kwa hiyo usizivae karibu na visu. Watoto wakae mbali.

Usiwashe injini ndani ya nyumba au ghala lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huua.

HATARI YA PILI: LUNDO NA SHIMO

Lundo la mboji likiiva vizuri huwa na joto kali, hata kufikia nyuzi 60 za Sentigredi. Joto hilo ni zuri, maana huua vijidudu na mbegu za magugu. Lakini laweza kukuunguza. Usipime kwa mkono. Choma kijiti kirefu katikati ya lundo, kiache kidogo, kisha kivute na kukigusa kwa uangalifu.

Unapogeuza lundo, vaa viatu vya mpira na glavu. Tumia uma au jembe, maana nyoka hupenda mahali penye joto. Lundo likiwa kavu, nyunyiza maji kwanza. Vumbi lake lina ukungu unaodhuru mapafu. Funika pua na mdomo kwa kitambaa safi, na upepo uwe mgongoni mwako.

Taka zinazooza ndani ya shimo refu humaliza hewa safi na kutoa hewa mbaya. Usiingie humo. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Wengi wamekufa wakijaribu kuokoa wengine. Ita watu, mvuteni kwa kamba. Heri kutengeneza lundo juu ya ardhi, kimo chake kisizidi kifua cha mtu.

HATARI YA TATU: KIDONDA

Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Huingia mwilini kwa kidonda, hata kidogo. Mtu hukakamaa taya na mwili wote, na aweza kufa.

Ukikatwa, osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Kama damu inatoka nyingi, kwanza kandamiza kwa kitambaa safi na inua mkono juu. Usipake majivu, udongo wala mavi ya ng'ombe. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, uulizie chanjo ya pepopunda.

HAKI YAKO

Je, umeajiriwa kufanya kazi hii? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya yako. Kwa hiyo kudai viatu vya kazi au kifuniko cha mkanda si ukaidi. Kama mashine ni ya kikundi, chagueni mtu mmoja wa kuisimamia. Asiyefundishwa asiiguse.

Ndugu msomaji, mboji iliyochelewa siku moja itaiva tu. Kidole kilichokatwa hakiotи tena.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mashine ikikwama, utafanya mambo gani manne?
2. Kwa nini usimfuate mtu aliyeanguka ndani ya shimo la taka?
3. Katika kijiji chenu, watu hupaka nini kwenye kidonda? Je, ni salama?